Honi ya Lori Siku ya Ubatizo

Jamani, hii aibu Kitai nzima inaijua, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia ile iliyotiwa chumvi.

Mimi naendesha mtambo wa kijiko kule mgodini Ngaka, kazi yangu kuchota makaa ya mawe na kuyamwaga kwenye malori. Dereva akishajiweka sawa chini ya ndoo ya kijiko anapiga honi mara moja, nami nafungua mzigo umwagike. Sasa siku hiyo niko kazini, na kesho yake dada yangu Edita alikuwa anambatiza mwanawe, mtoto aliyempata baada ya mimba kuharibika na kuharibika mpaka watu wakaacha kumuuliza, na baba wa ubatizo ni mimi, mjomba mtu. Jioni ile wa kunipokea zamu hakutokea, bosi wa zamu akaniomba niendelee tu, nami (kwa ujuaji wangu) nikasema hamna shida. Dereva mmoja akanigawia vidonge vyake vya kuzuia usingizi, akaniambia kimoja kinatosha. Nikameza viwili, na kulipokucha nikaongeza.

Nikafika kanisani macho makavu, moyo unadunda utadhani nimekimbizwa, mdomo haufungi, nawapa wazee shikamoo mpaka wengine nikawarudia. Nikajiona mwanaume kwelikweli. Kumbe vile vidonge vikiondoka haviagi.

Viliniacha mbele ya padri, mtoto mikononi. Sauti zikawa zinatoka mbali, nikajiuma ulimi, nikataka kumwambia Edita ampokee mwanawe lakini nikaona haya, umati wote ule unanitazama na suti yenyewe ya kuazima. Padri akauliza, "Je, mnamkataa Shetani?" Wenzangu wakaitika, mimi nikaitika peke yangu baadaye. Macho yakafumba. Na barabara ya malori ya makaa inapita hapohapo nje ya kanisa.

Honi ikalia, mara moja.

Mikono yangu ikafunguka.

Edita anasema nilifungua taratibu, kwa ufundi kabisa, kama mtu aliye kazini. Mimi nilizinduliwa na ukelele wake: mtoto ananing'inia kichwa chini, mama yake kamdaka mguu, kitambaa cheupe kiko sakafuni. Niliogopa jamani, sijawahi kuogopa vile. Padri hakufoka. Aliniangalia usoni akaniuliza polepole, "Mwanangu, umelala lini mara ya mwisho?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, maana kweli nilikuwa sikumbuki. Akaniambia nikakae, akamwita mzee mmoja wa benchi la mbele, na huyo ndiye baba wa ubatizo wa mtoto hadi leo.

Vile vidonge niliapa palepale sivigusi tena, na siku hizi zamu yangu ikiisha nazima mashine nashuka, wanune wakitaka. Mtoto sasa anatembea, akiniona ananikimbilia mikono juu, anataka abebwe. Edita hana kinyongo, hata hunicheka. Ila kabla sijamgusa mtoto lazima aniambie, "Kaka, kaa chini kwanza."

Nami nakaa, sakafuni kabisa, ndipo ananipa.