Kigong'ota na Tangi Lake

Hospitalini hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Kigong'ota, kama yule ndege wa kugonga miti, kwa sababu hakuweza kupita kando ya chombo chenye tumbo bila kukigonga asikie kimebeba nini. Nyumbani aligonga mtungi wa gesi, akagonga pipa la maji, akagonga hata birika lililokuwa mbele ya wageni, akatangaza, "Limebaki robo." Sokoni aligonga matikiti maji moja baada ya jingine mpaka muuzaji akamuuliza, "Baba, unanunua au unayaamsha?"

Ugonjwa huo aliupata kazini. Alikuwa mtunza jenereta, na makao yake yalikuwa chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma na kuta zilizopakwa masizi, ambacho wauguzi walikipita mbio huku wameziba masikio. Uani, chini ya ardhi, kulikuwa na tangi kubwa la dizeli. Lakini jenereta hainywi moja kwa moja kutoka huko. Hunywa kutoka kwenye tangi dogo lililopandishwa juu ya kigoda cha chuma pembeni yake, ambalo mafundi huliita tangi la siku, na kati ya matangi hayo mawili kuna pampu ya kuvuta mafuta. Miaka yote hiyo pampu ilikuwa na swichi moja, swichi ilikuwa na kidole kimoja, na kidole kilikuwa cha Kigong'ota.

Umeme ukikatika, jenereta inanguruma, naye anachukua spana yake na kuanza kazi. Anagonga tangi la siku juu, katikati, chini. Penye utupu bati linalia, penye dizeli linatoa sauti nzito na fupi, kama mtu aliyeshiba anayejibu salamu. Akisikia mafuta yameshuka anawasha pampu, anagonga, anagonga, na yakifika panapotakiwa anazima. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Kwa ajili yake alikosa arusi ya shemeji yake, na kwa ajili yake mkewe alijifungua watoto watatu, wote kwenye wodi ya ghorofa ya juu ya hospitali hiyohiyo, yeye akiwa chini anagonga bati. Umeme ulikuwa na tabia ya kukatika mkewe akishikwa na uchungu.

"Wenzangu walishikwa mkono na waume zao," mkewe alipenda kuwaeleza majirani. "Mimi nilishikwa mkono na kelele."

Basi siku moja akaja fundi, msichana mwenye ovaroli safi na begi la vifaa mgongoni, akaning'iniza ukutani kisanduku cha kijivu chenye taa tatu. Alimwamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akamweleza habari mbaya kwa uso mkunjufu. Ndani ya tangi la siku alikuwa ameweka boya la plastiki. Mafuta yakishuka, boya linashuka nayo, kisanduku kinawasha pampu. Mafuta yakipanda, boya linapanda, kisanduku kinazima.

"Na mimi?" akauliza Kigong'ota.

"Wewe mzee utapumzika," akasema fundi, akidhani amempa zawadi.

Tusizungukezunguke: aliogopa. Mtu wa umri wake akianza kuambiwa apumzike, anajua sentensi hiyo inaelekea wapi. Alitazama taa zile tatu, akaona zinamtazama, na fundi alipoondoka akafunga mlango, akafunua mfuniko wa tangi, akavua kamba ya kiatu chake cha kulia, na kulifunga boya juu kabisa lisiweze kushuka. Kuanzia hapo kisanduku kikaamini kwamba tangi limejaa. Likiwa nusu, kisanduku kinasema limejaa. Likikaribia kukauka, taa ya kijani inawaka kwa furaha, limejaa. Nayo pampu ikarudi kwenye kidole chake.

Juu ya mfuniko akapanga chupa yake ya chai, redio, mto wa kukalia na koti, ili mtu yeyote asipate wazo la kuufunua. Kiatu cha kulia akakifunga kwa kipande cha waya wa umeme.

"Kamba iko wapi?" mkewe akauliza jioni hiyo.

"Imepotea."

"Kamba ya kiatu inapoteaje, na kiatu kipo mguuni?"

Swali gumu. Alijibu kwa kugonga mtungi wa gesi na kusema utaisha kesho kutwa.

Fundi alirudi mara nyingi. Alifungua kisanduku, akapima nyaya, akabadilisha hiki na kile, akakuna kichwa. Kigong'ota alimsikitikia kwa sauti. "Mwanangu, hivi vitu vipya havina akili. Kinasinzia hicho." Na kila mara fundi alipotaka kutazama ndani ya tangi, alikaribishwa chai, na chupa ya chai ilikuwa palepale juu ya mfuniko, na adabu ya nyumbani kwao haikumruhusu kusukuma chai ya mtu mzima.

Mambo yakaenda hivyo mpaka binti yake mkubwa, mtoto wa kwanza kati ya wale watatu, aliposhikwa na uchungu. Aliletwa asubuhi, akapandishwa kwenye wodi ileile ya juu. Alipokuwa akipita uani ameegemea bega la mama yake, alisimama akamwambia baba yake, "Baba, safari hii uje. Ukae pale nje ya mlango tu, nijue upo."

"Nitakuja, mwanangu. Naapa."

Mkewe hakuapa; yeye alitoa onyo. "Ukikosa na huyu, uhamishe nguo zako uje uishi na hilo pipa lako. Mimi nitakuletea chakula kama mgonjwa."

Bila shaka umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma. Na fundi naye alikuwepo siku hiyo, amepiga magoti mbele ya kisanduku, ameapa kuwa haondoki mpaka ajue kinaumwa nini.

Kigong'ota akagonga tangi, akawasha pampu, akazima, akatazama ngazi. Hesabu ilikuwa rahisi na ilikuwa mbaya. Akiacha pampu imezimwa, jenereta itakunywa tangi lote na wodi itaingia giza, binti yake akiwemo. Akiiacha inavuta, dizeli itamwagika chumba kizima. Na akifungua boya, atalifungua mbele ya macho ya fundi. Akatoka akamwita mlinzi wa getini, akampa spana.

"Gonga hapa. Unasikia?"

Mlinzi akagonga, akasikiliza kwa makini. "Nasikia bati."

"Linasemaje?"

"Mzee, bati linasema nini zaidi ya ngo?"

"Gonga na hapa chini. Tofauti huisikii?"

"Naisikia. Hii ni ngo ya chini." Mlinzi akamrudishia spana na kurudi getini kwake akiwa na wasiwasi juu ya afya ya mwenzake.

"Mzee, wewe nenda tu," akasema fundi bila kugeuka. "Mimi nipo. Nitakuwa nachungulia ndani ya tangi, mafuta yakishuka nawasha pampu mwenyewe. Kuna kazi gani?"

Neno kuchungulia lilimchoma Kigong'ota kuliko kisu. Akasema hapana, hapana, hawezi kumwachia mgeni mzigo, na akakaa juu ya mto wake, juu ya mfuniko, kama kuku anayeatamia.

Hapo mlango wa chuma ukafunguliwa kwa kishindo na mkewe akaingia. Hakuziba masikio. Kelele za jenereta alizishinda bila taabu.

"Baba watoto! Mtoto yuko njiani, binti yako anakuulizia, na wewe umekaa juu ya pipa?"

"Siwezi kuondoka, mke wangu. Bila mimi mafuta..."

"Na hicho cha ukutani ni pambo?"

"Kibovu hicho."

Fundi akasimama. Macho yalikuwa yamemwiva. "Mama, mimi nimeshindwa," akasema. "Nimekagua kila waya. Nimemwambia bosi wangu labda kazi hii siiwezi. Sijui nimekosea wapi."

Kigong'ota hakulitegemea hilo. Muda wote alikuwa akipigana na kisanduku. Hakuwa amefikiria kwamba kisanduku kina mtu wake, na mtu huyo ana bosi, na analala akiwaza. Alimtazama fundi, akamwona ni wa umri wa binti yake aliye juu. Aibu ikampanda kuanzia miguuni, kuanzia hasa mguu wa kulia.

Akashuka. Akaondoa koti, mto, redio na chupa ya chai, kimoja kimoja, kama mtu anayehama. Akafunua mfuniko na kusogea pembeni.

Fundi akamulika tochi. Mkewe naye akasogea, akainamisha kichwa, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Hiyo," akasema polepole, "si ile kamba ya kiatu?"

Kigong'ota akaficha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto.

"Mwanaume mzima! Unamfunga kamba mwenzio asifanye kazi!" mkewe akapaza sauti.

Fundi alikaa sakafuni, kwenye masizi, na ovaroli yake safi. Kigong'ota alidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akashika mbavu, na kila alipojaribu kusema "mzee" kicheko kilimrudisha chini. Mwishoni akapata pumzi. "Mzee umenitesa wewe! Ungeniambia tu unaogopa."

"Naogopa," akasema Kigong'ota.

"Unaogopa nini? Hiki kinajua kupanda na kushuka, basi. Nani atasafisha chujio? Nani atanusa dizeli ajue imeingia maji? Kina pua hiki? Haya, nenda huko juu. Mengine utanieleza kesho, na chai utanimiminia wewe."

Kamba ikafunguliwa. Boya likadondoka na kuelea, na papo hapo, bila kidole cha mtu yeyote, pampu ikakohoa na kuanza kuvuta. Kigong'ota alisimama mlangoni akisikiliza, mkewe akimvuta mkono. Aliomba kimoyomoyo ikosee, hata kidogo tu. Walikuwa wamefika kwenye ngazi pampu iliponyamaza, na sikio lake likamwambia kwamba imenyamaza palepale ambapo yeye angeizima. Alikasirika kweli, lakini hakuwa na muda wa kukasirika vizuri, maana waya wa kiatu ulikatika na kiatu kikabaki ngazini, naye akapanda na soksi.

Alikaa kwenye benchi nje ya mlango. Taa za dari hazikupepesa. Alingoja mtu apande mbio kumwita, mafuta yamekwisha, mzee njoo, na kila alipoona kwamba hakuna anayekuja aliumia kidogo. Halafu kutoka ndani akamsikia binti yake akiuliza kwa sauti ya kuchoka, "Baba yupo?"

"Nipo!" akaitikia kwa nguvu mno, kwa mazoea ya kushindana na jenereta, na wauguzi wote wakageuka.

Dakika chache baadaye kikasikika kilio kipya. Watoto wake watatu walilia hivyo mle mle ndani, na yeye hakuwahi kukisikia hata kimoja. Akageukia ukuta ajifute macho. Mkewe alimwona, akamsogezea ncha ya kanga yake.

Walipomruhusu kuingia, mtoto alikuwa ameshanyonya. Wakamweka mikononi mwake, na Kigong'ota akamtazama juu, katikati, chini. Kisha, kabla mtu hajamzuia, akaligonga lile tumbo dogo taratibu kwa ncha ya kidole, na kuinamisha sikio.

"Linasemaje, baba?" akauliza binti yake.

"Limejaa," akasema, na akakaa kitandani, kwani hakuwa na mahali pengine pa kwenda.