Nani Atapika Sasa?

Juzi, hospitalini Mbeya, mama mmoja mkulima aliyewekewa nyonga ya bandia Dar es Salaam aliegemea magongo yake akimsikiliza muuguzi.

"Mama, usiiname, usichuchumae, wala usikalie kigoda."

Mama akashusha pumzi. "Mwanangu, jikoni nainama, shambani nainama, chooni nachuchumaa. Sasa nyonga hii mmemwekea nani?"

Mume wa yule mama, aliyesimama kando na kikapu, akasema taratibu, "Nitapika mimi."

Benchi zima, waume kwa wake tuliokuwa tukisubiri zamu, tukacheka. Yeye hakucheka.

"Hata chumvi hujui ilipo," mkewe akamwambia kwa uchovu.

"Utanielekeza, wewe umekaa kwenye kiti."

Kisha wakaondoka polepole. Sisi waume tuliobaki tukainamisha vichwa, maana wake zetu walikuwa wanatutazama.