Kebo Mbili Ndani ya Mfereji Mmoja

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "tunazo mbili, hakuna wasiwasi," damu inanichemka. Mbili ziko wapi? Zimepita wapi? Nani alichomoa moja akaona kwa macho yake kwamba ya pili inabeba kazi? Watu wananiona mkorofi nikiuliza hivyo, wananiona nimezidi. Na wanione.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya Kismayu. Fundi mmoja, mwanamke, Mbajuni wa kisiwa cha Chovai niliyekulia Mombasa ukimbizini na kurudi kwetu na cheti mkononi. Hospitali siitaji. Tulikuwa na sava moja nzuri, na kabati la diski lililokuja jipya bado lina makaratasi yake, la kuhifadhia picha zote za wagonjwa: mapafu, mimba, vichwa, mifupa. Sava ilikaa chumba kimoja na kabati la diski likakaa chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi mwembamba, kwa sababu kiyoyozi kimoja hakikuweza kuvipoza vyote.

Na ndani ya kabati hilo ilikuwemo nyonga ya mama yangu.

Mama aliwahi kuvunjika nyonga zamani tukiwa Mombasa, akatiwa chuma. Mwaka ule akateleza kwenye ngazi hapa Kismayu, chuma kikapinda ndani kwa ndani. Mashine yetu ya eksirei ilitoa picha bapa tu, haikuonyesha chuma kimeelekea wapi, kwa hiyo tulimpeleka Mogadishu akapigwa ile picha kubwa inayokata mwili vipande vipande, nayo ikatumwa kwetu kwa mtandao. Daktari wa mifupa alikuwa akija kwa ndege mara chache kwa mwaka, siku moja tu, anapasua asubuhi na jioni hayupo. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha yake.

Alichokitaka mama ni kitu kimoja: kurudi Chovai. Nyumba ya babu bado imesimama, dada zake wako kule. Lakini kwetu boti haifiki kwenye gati. Inasimama majini, unateremka, maji ya magoti, unatembea mpaka nchi kavu. Asiyeweza anabebwa na wanaume. Mama aliapa hilo halitokei. "Mimi si gunia la unga," alisema. "Sibebwi na mchu." Mchu ni mtu, kwa Kibajuni chetu. Basi ama atembee, ama asirudi. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na ndivyo nilivyokuwa nikiingia kazini kila siku na mambo hayo kichwani.

Sasa niseme kazi yenyewe, maana bila ya kuielewa hamtaelewa hasira zangu. Kabati la diski lilikuwa na vichwa viwili nyuma yake, na sava ilikuwa na kadi mbili. Unatoa kebo kadi ya kwanza kwenda kichwa cha kwanza, kebo nyingine kadi ya pili kwenda kichwa cha pili. Mwanzoni sava inachanganyikiwa, inaiona kila diski mara mbili na kudhani ni diski mbili tofauti. Kuna programu ya kuiambia hapana, hii ni diski ile ile, ila una njia mbili za kuifikia. Hii ikikatika, pita ile. Niliiandikia maelezo yake, nikaipa kila diski jina, nikawasha, na kwenye skrini zikatokea njia mbili, zote hai. Wallahi nilifurahi. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani mle, mwanamke mzima.

Bado lilikuwepo suala la kebo zipite wapi. Nilitaka ya kwanza ipite kwenye ukumbi, na ya pili izunguke upande wa pili, itoboe ukuta wa stoo, ije kwa nyuma. Kebo zikifuatana ubavu kwa ubavu, panya mmoja anazikata zote, ndoo moja ya maji inazimaliza zote. Nikamwendea mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa maneno laini. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Afadhali angepaza, ningejua pa kumshika! Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Abaayo, dada yangu, ukuta wa stoo umepakwa rangi juzi. Wiki ijayo tuna wageni. Utautoboa?"

Nikasema ndiyo, nitautoboa.

"Zipitishe pamoja, uzifunike vizuri. Wageni wakiondoka, inshallah, tutatoboa."

Ile inshallah yake naijua. Mungu anisamehe, lakini mtu yule alikuwa analitumia jina la Mwenyezi Mungu kufungia milango.

Nikarudi chumbani na mfereji wa plastiki mweupe, ule wa kuficha nyaya, nikaupigilia chini kabisa ya ukuta, nikazilaza kebo mbili humo ndani. Hata nilizifunga pamoja kwa vibana vya plastiki kila hatua, zisijitokeze. Zilipendeza. Mkurugenzi alipita akasema mashallah.

Nikamwomba jambo la pili: anipe robo saa nichomoe kebo moja huku madaktari wanafungua picha, tuone kama njia ya pili inabeba. Akanitazama kama mtu niliyemwambia nataka kuichoma hospitali moto. "Kitu kinafanya kazi, wewe unataka kukichomoa? Kwa nini?" Nikamweleza kwa Kisomali, nikamweleza kwa Kiswahili, kidogo nimweleze kwa mikono. Akanijibu, "Abaayo, tunazo mbili. Wasiwasi wa nini?"

Nikamwachia. Na kebo ya akiba? Ilikuwa haipo, kwa sababu ile ya pili ndiyo iliyokuwa ya akiba.

Mwisho wageni wakaja siku ile ile ya daktari wa mifupa. Mkurugenzi alipanga hivyo makusudi, wageni wakute upasuaji unaendelea, waone hospitali inavyofanya kazi. Mama alikuwa amelazwa tangu jana yake, hajala wala hajanywa, ameshavikwa lile vazi la kijani linalofungwa mgongoni, ambalo aliliita jambo la aibu. Nilikuwa nimeomba ruhusa asubuhi hiyo nikae naye. Nilikuwa nimemshika mkono, ananiambia nani atamletea ukindu akifika Chovai, maana alitaka kurudia kusuka mikeka.

Muuguzi akaja mbio. "Picha hazifunguki."

"Zipi?"

"Zote."

Nilipofika ukumbini nilisikia harufu kwanza. Udi! Udi mzuri wa wageni, umechanganyika na harufu ya plastiki inayoungua. Nikafungua mlango wa chumba cha sava, moshi ukanipiga usoni. Chini ya meza, kimesukumwa mpaka ukutani ili wageni wasikipige teke, kulikuwa na chetezo cha udongo, makaa mekundu, udi unafuka. Na ule mfereji wangu mweupe, uliokuwa umeegemewa na chetezo, umeyeyuka na kulegea kama ubani uliotafunwa. Ndani yake kebo mbili zimeshikana, zimekuwa kitu kimoja cheusi.

Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili myekundu. Njia ya kwanza imekufa. Njia ya pili imekufa. Dakika ile ile.

Sina ugomvi na udi. Kwetu mgeni hapokewi bila harufu nzuri. Nyumba isiyofukizwa ni nyumba isiyotaka watu. Mama yangu mwenyewe anafukiza kila Alhamisi. Lakini nani, jamani, nani anaweka makaa ya moto kwenye chumba cha mashine na kufunga mlango ili harufu isitoke? Mkurugenzi, ndiye huyo. Kwa mkono wake mwenyewe. Hakumtuma mtu, kwa sababu alitaka heshima hiyo aifanye yeye.

Alitokea nyuma yangu na shali lake jipya begani. Akatazama mfereji, akatazama skrini. Akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Lakini si ulisema ziko mbili?"

Astaghfirullahi. Nilichomjibu sikiandiki.

Ikabaki kazi. Kebo zile haziungwi kwa mkono kama waya wa taa. Nilichokuwa nacho ni kebo fupi ya hatua moja iliyokuja ndani ya boksi la kabati, ambayo isingefika popote, isipokuwa sava yenyewe iletwe kwenye kabati. Nikaizima sava, nikaifungua kwenye reli zake, nikawaita wanaume wawili wa machela, tukaibeba kama jeneza kuvuka ukumbi, mbele ya wageni waliosimama na chupa zao za maji wakitutazama. Mmoja akapiga picha. Ala! Nikamwambia aweke simu yake mfukoni kabla sijamwekea mimi.

Tukaiweka juu ya meza kando ya kabati. Nikachomeka kebo fupi, nikawasha. Sava iliyokatwa na diski zake ghafla haikubali kurudi tu. Inataka kuzikagua kwanza, faili moja moja, kuona ipi imeharibika. Namba ikaanza kupanda kwenye skrini, moja katika mia, mbili katika mia. Nilisimama pale natukana kimoyomoyo. Niliwapigia Mogadishu kuwaomba waitume picha tena. Wakasema faili ni kubwa, itafika kesho.

Daktari alikuja mlangoni mara tatu. Mtu mzuri, sina la kumlaumu. Mara ya kwanza aliuliza bado muda gani. Mara ya pili alisema amewamaliza wengine wote kwa picha bapa zilizopigwa upya na kusomwa kwenye mashine yenyewe ya eksirei, ila mama yangu hawezi kumfungua hivi hivi, hajui kile chuma kimeingia wapi, anaweza kumuua. Mara ya tatu alikuwa ameshavua nguo za upasuaji. Ndege ilikuwa ya alasiri, na ndege ile ikiruka ndiyo imeruka.

Nilikwenda kumwambia mama. Aliniuliza jambo moja tu, kama sasa anaruhusiwa kunywa maji.

Picha zilifunguka baada ya sala ya alasiri. Nikaifungua ya mama. Chuma kilionekana wazi kabisa, mpaka kila parafujo ningeweza kuihesabu. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshapigwa deki na kufungwa.

Daktari alirudi baada ya miezi mingi. Akampima mama tena, akakaa naye muda mrefu. Mfupa ulikuwa umeshika vibaya ukiwa umepinda, na moyo wake mama ulikuwa umechoka. Kumfungua kungekuwa na hatari kubwa kuliko faida. Alimwambia kwa adabu. Mama akamshukuru.

Siku chache baadaye mkurugenzi akaja kumjulia hali. Nyumbani kwetu! Kaja na mfuko wa tende na maneno yake laini. Mama alikaa kwenye kiti chake, akajifunika vizuri, akamkaribisha, akaniamuru nilete chai ya maziwa na iliki. Nikaileta. Nikaitua mbele ya mkurugenzi. Alikunywa, akamwombea mama afya, akaenda zake.

Hajavuka hata kizingiti vizuri nikaanza. Nilimwambia mama yote ambayo sikuwa nimemwambia. Ukuta wa stoo, rangi, wageni, kebo kulazwa pamoja, robo saa aliyoninyima, chetezo, na lile swali lake. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Nikasema mtu yule amekuibia miguu yako, halafu anakuja kunywa chai yako.

Mama alinisikiliza bila ya kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Hizo kebo," akasema, "nani aliziweka pamoja?"

"Mimi. Lakini yeye ndiye aliyesema."

"Yeye ni fundi?"

"Si fundi."

"Alijua kwamba zikiungua zitaungua zote?"

"Nilimwambia, mama."

"Nimeuliza alijua?"

Nilimkumbuka alivyosema mashallah juu ya mfereji wangu, uso mkunjufu, furaha ya kweli.

"Mimi nimevuliwa nguo mbele ya wachu, nikashinda na njaa na kiu mchana kutwa," mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, nami sikuwa nimewahi kumsikia akinipandishia sauti tangu utotoni. "Yule hakujua. Wewe ulijua, ukazifunga kwa mikono yako, ukaninyamazia, ukaja kunishika mkono."

Nikasema, "Mama."

Hakuniambia nisijali. Hakuniambia ni majaaliwa, ingawa kila mtu mwingine ameshaniambia hivyo. Akasema anataka kwenda chooni, nikainama, akanishika shingoni, nikambeba.