Ng'ombe Aliyezidi Kadi

Kabla ya kompyuta nilikuwa mchoraji wa mabango hapo Kitale. Ubao ukiisha kabla ya maneno, herufi za mwisho nilizibana zikasimama upande upande kama waumini kwenye benchi, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kwa ujuzi huo, mwishoni mwa miaka ya themanini, sista aliyesimamia kituo cha mafunzo ya wakulima nje ya mji akaniita nikachore ndani ya kompyuta.

Sikuwa nimewahi kuiona kompyuta. Shule niliiachia darasa la saba, kwetu Kibabii, upande wa Bungoma. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Ilikuwa kiboksi, kioo chake kama daftari la shule lililolazwa. Programu yake ilikwenda kwa kadi: unachora kadi moja, unaweka kitufe pembeni, mtu akikibonyeza inakuja kadi nyingine. Jioni hiyo, nikirudi chumbani kwangu Matisi, nilikuwa nimeshachagua rangi ya nyumba nitakayojenga. Kompyuta yenyewe ilikuwa na nyeusi na nyeupe tu.

Sista alinipa mwezi mmoja. Akina mama wa kikundi cha maziwa wangekuja kuziangalia kadi. Wakielewa namna ya kukamua kwa usafi bila mtu kuwaeleza neno, nitaandikwa kazi. Wasipoelewa, mashine itarudi kwa wenyewe Nairobi na mimi nitarudi kwa mabango.

Nikaanza na ng'ombe. Nilipofika mbavuni kioo kikaisha. Nikamuuliza Sista kipande kingine kinafunguliwa wapi.

"Hakuna kingine. Kadi ni kioo, kioo ni kadi."

"Hata kidogo, Sista?"

"Kijana, hata nukta moja."

Kubana herufi nilijua, kubana ng'ombe sikujua. Nikamkata: kichwa na kifua kadi ya kwanza, matako na mkia kadi ya pili. Nikamwita bibi mmoja wa kile kikundi, jirani wa kituo, anijaribie. Tulimwita kukhu, yaani nyanya. Akakaa, akabonyeza.

"Umeona nini, kukhu?"

"Ng'ombe mbili."

"Ni mmoja, kukhu."

"Mwanangu, moja imeenda, ingine imekuja. Na hii ya pili imenipa matako, haina adabu."

Wiki iliyofuata nikampunguza ng'ombe mpaka akaenea mzima. Kukhu akauliza, "Hii mbuzi ni ya nani?"

Ndipo nikagundua kwamba kioo kina upana mkubwa kuliko urefu. Basi ng'ombe alale! Akalala, akaenea vizuri ajabu, hata nafasi ya nyasi ikabaki. Kukhu akainama karibu na kioo, akashusha sauti.

"Pole. Imekuwa hivi tangu lini?"

"Nini?"

"Ng'ombe. Saa ya kukamua na imelala? Hii haifiki kesho, bana. Mmeita daktari?"

Nikamwambia si mgonjwa. Akasema wenye ng'ombe wote husema hivyo.

Zilibaki siku nne. Mambo yalikuwa yamenishinda, nikamuuliza tu kwa kukata tamaa: "Sasa wewe kukhu, ukikamua, unaona nini?"

"Kwani ni kuangaliana na ng'ombe? Naona kiwele na mikono yangu. Ng'ombe iko huko juu, shauri yake."

Nikafuta kila kitu. Nikachora kiwele kimoja kikajaza kadi yote, kichafu kama kilivyotoka zizini, na chini yake mikono miwili, nikiiga yangu. Kwato wala pembe, hakuna.

Siku ya akina mama ilipofika, kukhu alikaa mbele kwenye mashine. Mimi nilikatazwa kufungua mdomo. Kadi ya kwanza ilitokea, na akina mama wakakunja nyuso. Nikaanza kuaga nyumba yangu, chumba kwa chumba.

Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, "Ngojeni. Nani anakamua hii bila kuosha?"

"Si muone hayo mavi kwa kiwele!"

"Na kucha zake, ati kama jembe."

"Ni mwanaume huyo."

Walicheka, halafu wakaanza kuigombeza mikono yangu kwa dhati. Leta maji ya moto! Leta kitambaa! Kukhu akabonyeza, na kadi ikaleta karai la maji na kitambaa.

"Eeh," akasema, "amesikia."

Kuanzia hapo walikuwa wanaamuru kwanza, ndipo kukhu abonyeze, na karibu kila mara mikono ilitii. Ilipofika kadi ya mwisho, maziwa yakichujwa ndani ya mkebe safi, mama wa nyuma akasema, "Sasa amekuwa mtu." Nusura nilie, na sikuwa na ruhusa ya hata kupiga chafya.

Walipoondoka, Sista alifunika mashine kwa kitambaa chake, akanitazama kutoka usoni mpaka vidoleni.

"Jumatatu uje saa mbili," akasema. "Na ukate kucha."