Jina Nililolitamka Mferejini

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyumbani kwetu Uru kulikuwa na jina moja ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka. Lilikuwa jina zuri tu, Aloisi, jina la marehemu babu, na mwenye jina hilo sasa alikuwa mdogo wangu aliyekuwa na wiki tatu duniani.

Sababu tuliijua wote, hata mimi. Kabla yake mama alizaa wavulana wawili. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni wa babu yake mzaa baba, kwa hiyo kila mmoja alipewa jina la babu siku ileile aliyozaliwa, na baba akalitangaza kwa furaha mpaka kwa majirani wa ng'ambo ya mfereji. Wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili alifika miezi miwili. Wote tuliwazika kihambani, shambani hapohapo nyumbani, kati ya migomba na mibuni, nami nilikatazwa kuchezea upande ule.

Alipozaliwa wa tatu, bibi alimtoa baba nje kabla hajafungua mdomo.

"Huyu jina lake Tambara," akasema.

"Mama, mtoto ana jina la baba yangu. Nimwite tambara?"

"Mwite hivyo mpaka padri ammwagie maji. Kitu kinachochukua watoto wa nyumba hii kinasikia majina. Kikisikia tambara, kitapita."

"Sisi ni Wakristo, mama."

"Na wale wawili walikuwa nini? Nani aliwaosha kabla ya kuwazika, wewe? Ulikaa kule nyuma ukijifuta kamasi. Niache."

Bibi alikuwa mtu wa rozari asubuhi na jioni, na sidhani kama aliona mgongano wowote. Baba akatii. Mama naye alikuwa ndani, maana mzazi kwetu hukaa ndani miezi mitatu akinywa mtori, ile supu nzito ya ndizi, na maziwa, na ubatizo ungengoja atoke. Kwa hiyo ilikuwa miezi mitatu ya Tambara. Tambara amelala, Tambara amejikojolea, nipe hilo Tambara nilibebe. Nilichukia. Nilikuwa nimeomba mdogo kwa Mungu miaka mingi, na sasa nilipompata nilitakiwa kumwita kitambaa cha kudekia.

Aliyeleta mtori kila asubuhi alikuwa mama mkubwa Yustina, mke wa kaka yake baba, ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya yetu hatua mia hivi. Mungu hakumpa mtoto. Akishaweka chungu alinawa mikono, akampakata mdogo wangu na kumwimbia kwa sauti ya chinichini, mdomo karibu na kichwa chake, kiasi kwamba maneno huyasikii. Nilikuwa napenda kuwaangalia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mchana mmoja nilikwenda mferejini na ndoo. Wasichana watatu wa jirani walikuwa wanaosha miguu, na mkubwa wao, Konsolata, akanianza.

"Dada yake Tambara, leo mmelifua?"

"Msilisahau kwenye kamba," akadakia mwingine. "Mvua inakuja."

"Kwani kwenu majina yaliisha? Padri atasemaje? Tambara, nakubatiza?"

Walicheka mpaka mmoja akateleza majini. Nami, badala ya kujaza ndoo nikaenda zangu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Anaitwa Aloisi! Aloisi wa babu! Na atawazidi nyote!"

Wakanyamaza. Hata wao walijua. Konsolata akajifunga khanga yake akasema polepole, "Umelitaja." Basi. Niliporudi nyumbani nilichomoa ndizi mbivu sita kwenye mkungu wa bibi, nikawapelekea ili wasiseme. Walikula, na kweli hawakusema.

Siku ya tatu asubuhi mtoto hakunyonya. Mwili ulikuwa wa moto, na mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Baba alikwenda kutafuta gari la kuwashusha hospitali. Mama alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, anamfungua, anamfunga tena, hajui anafanya nini. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikihesabu kwa vidole: leo, jana, juzi. Siku tatu. Kitu kile kilikuwa kimesikia na kimeshafika, na aliyekiita ni mimi.

Bibi akanikuta hapo. "Kuna mtu ametaja jina. Ni wewe?"

"Si mimi, bibi."

Ningeishia hapo, ingekuwa dhambi moja. Lakini macho yake hayakuniacha, nikasikia mdomo wangu unaongeza: "Mama mkubwa huwa anamwimbia."

"Anaimba nini?"

"Sisikii vizuri. Kama anamwita."

Bibi aligeuka papo hapo. Alitoka akapanda kule juu, na nilisikia sauti yake kutoka nyuma ya migomba, "Wewe usiyezaa, umemwita mwanangu kwa kinywa chako!" na maneno mengine ambayo sitayaandika. Sauti ya mama mkubwa sikuisikia kabisa.

Mtoto alilazwa. Siku mbili tulikuwa nyumbani bila habari, maana simu hatukuwa nazo wakati ule. Nilimwahidi Mungu kila kitu. Nilimwahidi kuwa mtawa. Kitu kimoja tu sikumwahidi, kwenda kusema ukweli.

Siku ya pili mchana mama mkubwa aliingia kwetu ameshika jani la isale mbele yake kwa mikono miwili. Asiyetoka kwetu aelewe: isale ni jani la msamaha. Mtu akikujia nalo, hata kama alikuulia ng'ombe, huwezi kumfukuza. Mama mkubwa alipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima, mbele ya mama mkwe wake na mbele yangu.

"Kama kinywa changu kilikosa, mama, nisamehe. Mtoto apone."

Bibi alikawia. Kisha akalipokea jani. Mimi nilikuwa na ufagio mkononi. Nikaendelea kufagia.

Mdogo wangu alirudi baada ya wiki, amekonda lakini ananyonya. Daktari alisema ilikuwa nimonia, na kilichomponya ni sindano. Baba alisema ni sala zake za novena. Bibi alisema ni isale, na kwa kusema hivyo alifunga kesi: kama msamaha wa Yustina umemponya mtoto, basi Yustina ndiye aliyemwita. Tangu siku ile chungu cha mtori kiliishia kizingitini. Bibi hakula tena chakula kilichotoka kule juu mpaka alipofariki. Ukoo ukazoea. Mtoto akizaliwa, mtu atanong'ona tu, "Mama mkubwa asubiri kwanza."

Nilipojiandaa kwa komunyo ya kwanza niliungama. Padri alinipa sala, na akaniambia niende nikamwambie yule mama. Sala nilizimaliza siku ileile. Kule juu sikwenda. Nimepokea komunyo kwa miaka zaidi ya thelathini nikiwa na malipizi nusu, na ninaandika hili nikijua jinsi linavyosomeka.

Mdogo wangu alibatizwa Aloisi lakini hakuna anayemwita hivyo. Ni fundi mwashi sasa, yuko Sanya Juu, na hata wateja wake wanasema fundi Tambara. Mwaka huu mkewe alijifungua mvulana, wakaja Uru ili mama yetu amtunze mzazi. Kabla ya siku tatu kuisha nilipigiwa simu nipande kutoka Moshi mjini, nikaamue kama dada mkubwa. Mama, ambaye sasa amekaa kwenye kiti cha bibi, alitaka mtoto apewe jina la kujificha hadi ubatizo. Wifi yangu hakutaka.

"Jina lake ni Danieli," alisema. "Nimeshaandikisha hospitali, na nimeshawatumia watu picha. Mnataka nimwite nini, Ndoo?"

Tambara alicheka. "Kwani mimi siko hai? Jina baya halijaniua."

"Wewe uko hai kwa sababu ya jina hilo," mama akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mwambie huyu. Wewe ulikuwepo. Uliona mama yako mkubwa alivyotaka kutumalizia mtoto. Na simtaki humu ndani mpaka mtoto abatizwe."

Nilitoka nikapanda zile hatua mia.

Nilimkuta uani anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda bila mwavuli?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitakunywa chai na kuondoka. Nilimwambia habari za mferejini, ndizi sita, nyuma ya mlango, ufagio. Hakunikatiza. Kisu kilisimama kwenye ganda.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Mimi nilijua ni mimi." Alitazama mikono yake. "Lile jina nililipenda. Nilikuwa namwimbia, na bibi yako aliponiuliza sikuweza kuapa kwamba halikunitoka. Ningeapaje? Wewe unakumbuka yote unayoimba? Watu wanadhani wao ndio walinikataza kushika watoto. Ni mimi niliyeogopa kinywa changu."

Nilipiga magoti. Aliniambia niinuke, chini pana matope, halafu akasema hawezi kuongea nami sasa hivi. Ilikuwa haki yake. Lakini nilipomwomba ateremke nami, alinawa mikono, akaja.

Mlangoni hakuingia mpaka nilipomaliza kusema mbele ya mama, mdogo wangu na mkewe. Mama alishika kichwa. Tambara hakucheka tena. Wifi yangu, ambaye hakujua hata nusu ya habari hizi, ndiye aliyeinuka akamweka mtoto kwenye mikono ya mama mkubwa. "Anaitwa Danieli, mama. Mwite."

Alifungua mdomo. Sote tulimtazama, na nakiri, hata mimi niliyejua ukweli moyo ulinidunda. Midomo yake ilitikisika, kisha akaifunga. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu na kumtikisa taratibu, bila kuimba.

Naamini Mungu amenisamehe, kwa sababu ndivyo alivyoahidi. Kuhusu majina, naamini anavyosema padri, kwamba hayaiti kifo. Mama mkubwa naye anasema anaamini. Siku hizi anampakata Danieli kila akija, na bado anamwita "mwanangu" tu. Mimi sijapata ujasiri wa kumwomba aseme zaidi ya hapo.