Shimo la Taka

Jirani anachoma makumbi ya nazi leo, na moshi umeniingia mpaka kwenye chai. Huu si mbaya. Mbaya ni ule wa plastiki, lakini hayo tuyaache.

Zamani hizo, kwetu Kisauni, mama akitoka shamba alikuwa akifagia ua, kisha huchoma taka nyuma ya nyumba. Siku moja akaja bwana afya, kofia kubwa kichwani. Akasema paa zetu ni za makuti, kwa hivyo kuchoma ni marufuku. Kila nyumba ichimbe shimo, na asiyechimba atapelekwa kortini.

"Nchimbe wapi, baba?" mama akamuuliza. "Hapa chini ni jiwe tupu."

"Jiwe gani? Wavivu tu nyinyi."

Akalitwaa jembe mwenyewe, akapiga. Jembe likalia, mikono ikamtetemeka. Akapiga tena, pakatoka unga mweupe kama wa muhogo. Mimi nikacheka, mama akanifinya.

Bwana afya akajifuta jasho, akamrudishia mama jembe.

"Kesho asubuhi nakuja kuliona hilo shimo."

Mama akamtazama mpaka akapotea njiani. Kisha akaketi juu ya taka.

"Nletee maji, mwanangu," akasema. "Ninywe, nianze."