Baiskeli Mbili Kuelekea Ziwani

Siku aliyostaafu, wenzake wa kiwandani walimwandalia chai na keki, wakampiga picha akiwa amesimama kati ya mashine mbili za kukatia karatasi. Maisha yake yote ya kazi yaliishia pale, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, akijalidi vitabu: kupanga kurasa, kuzishona kwa uzi, kupaka gundi mgongoni, kubandika jalada, kukandamiza. Gundi ilimwingia kwenye kucha na kwenye nguo, mwishowe ikaingia hata kwenye jina. Watu wote walimwita Gundi. Watani wake walisema ni gundi ya ajabu, inashika vitabu tu, wanawake haiwashiki. Alicheka pamoja nao. Ukweli ni kwamba aliwahi kuchumbia, uchumba ukavunjika, kisha mama yake akaanza kuugua, na yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Mama alipofariki, Gundi alikuwa na mvi kichwa kizima, na nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla.

Kustaafu kulimkalia vibaya. Asubuhi aliamka saa ile ile ya kazi, akaoga, akavaa shati la kazi, akaketi. Redio aliiwasha mapema na kuiacha iongee mpaka jioni. Dukani alinunua kitu kimoja kimoja, leo chumvi, kesho sabuni, apate sababu ya kurudi. Mwenye duka alidhani ni usahaulifu wa uzee, akawa anamkumbusha kwa upole: "Na kiberiti je, mzee?"

Aliyekuwa akimtembelea ni mtu mmoja tu. Walikaa dawati moja utotoni, na tangu hapo hawakuachana. Huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akivusha mizigo mpaka nchi ya jirani, hadi macho yake yalipoanza kumsaliti wakamshusha kwenye usukani. Hata baada ya hapo jina lake lilibaki Dereva. Alikuwa na mke, watoto wanne, wajukuu wanaompanda mgongoni kama ngazi, na maneno yasiyokwisha.

Siku moja aliingia kwa Gundi bila hata kuketi.

"Twende ng'ambo kwa baiskeli," alisema.

"Ng'ambo ipi?"

"Kule nilikokuwa nikipeleka mizigo. Twende mpaka ziwani, barabara kuu inakoishia."

"Wewe barabara hiyo si umeipita maisha yako yote?"

"Nimeipita, sijaiona. Ukiwa kwenye lori unaona lami na taa za mwenzako aliye mbele. Nataka niione kabla macho hayajafunga duka."

Gundi alijifanya anafikiria. Moyoni alikuwa ameshakubali kabla rafiki yake hajamaliza sentensi ya kwanza. Miguu haikuwa tatizo, kazini alikwenda kwa baiskeli miaka yote. Walifanya mazoezi, wakabadilisha tairi na cheni, wakafunga mizigo kwenye karia. Mvua zilipokatika wakaaga. Mke wa Dereva alimvuta Gundi pembeni.

"Shemeji, huyu mtu nakukabidhi. Wewe una akili zako. Yeye simwamini hata kuvuka barabara."

"Usijali, shemeji. Nitamrudisha mzima."

Siku za kwanza ziliwatoa jasho. Makalio yaliuma, upepo uliwakabili kama mlevi anayetafuta ugomvi, na kila kilima walishuka wakasukuma. Lakini Gundi alikuwa na furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka. Dereva alitangulia, yeye akafuata, akiutazama mgongo ule mpana wenye ramani ya jasho. Aliweza kupaza sauti, "Angalia shimo," na mtu akajibu, "Nimeliona." Nyumbani maneno hayo hakuwa na wa kumwambia.

Baada ya mpaka lugha ilibadilika, na Gundi akawa kama kiziwi. Dereva aliimudu lugha ya huko, aliiokota mahali pa kupakua mizigo na kwenye nyumba za wageni. Aliongea na wauza mkate, akataniana na askari wa barabarani, watu wakashika mbavu. Gundi alitabasamu, kila mara akichelewa kidogo. Jioni, wakishapata chumba, simu ya Dereva ilianza kuita. Mke, mtoto wa kwanza, wajukuu wakinyang'anyana: babu umefika wapi, babu umeona simba. Gundi alichukua kitambaa akatoka nje kusafisha cheni ambazo zilikuwa safi tayari. Simu yake yeye iliita mara moja tu, na aliyepiga alikuwa amekosea namba. Gundi hakumwachia upesi. Alimuuliza anamtafuta nani, na huyo mtu anakaa sehemu gani, na kama wamepotezana siku nyingi.

Waliingia katika mji mmoja mdogo jua likiwa bado juu, na Dereva akasema walale hapo. Gundi alishangaa, maana walikuwa bado na nguvu. Alishangaa zaidi kumwona mwenzake ananyoa ndevu mchana na kuvaa shati aliloliweka chini kabisa ya mzigo. Dereva hakuuliza njia. Alikata kona baada ya kona, akapita nyuma ya stendi ya mabasi, akasimama mbele ya nyumba yenye dirisha la bluu. Ndani cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza. Akatoka mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, wa umri wa mtoto wa kwanza wa Dereva au pungufu kidogo.

Alimtazama Dereva muda mrefu. Kisha akasema maneno mawili matatu, akatabasamu kwa shida, na Gundi akauona mwanya. Ulikuwa mwanya ule ule aliokaa nao dawati moja.

"Huyu ni mwanangu," Dereva alisema bila kumgeukia. "Mama yake alifariki. Sikuja kuzika."

Walikaribishwa ndani, kikaletwa chakula. Gundi hakukigusa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya nguo zisizo na wenyewe, akiwasikiliza baba na binti wakiongea lugha asiyoijua. Binti alilia kidogo, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa, kisha akamwonyesha baba yake picha ukutani. Hakuna aliyekumbuka kumfasiria mgeni, na wala mgeni mwenyewe hakutaka kufasiriwa.

Asubuhi yake, wakiwa uani penye baiskeli, Gundi aliuliza.

"Kwa hiyo safari ilikuwa hii."

"Na ziwa pia."

"Na mimi?"

Dereva alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akalibonyeza tena. "Kama ningesema naenda peke yangu, mke wangu angeuliza mpaka ningesema. Nikisema naenda na wewe, hakuna anayeuliza. Wewe kila mtu anakuamini."

Gundi aliinama akafuta kiti cha baiskeli yake.

"Halafu nilitaka uwepo," Dereva aliongeza. "Nisingeweza kugonga mlango ule peke yangu."

Maneno hayo ya mwisho Gundi aliyasikia kwa masikio tu. Dereva akasema atabaki pale kwa binti siku kadhaa, Gundi apumzike naye, kisha waone. Gundi akafunga mzigo wake kwenye karia, akakaza kamba.

"Mimi naendelea," alisema.

"Huijui lugha yao."

"Hata nyumbani siongei na mtu."

Akapanda, akaondoka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi na mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu. Alikanyaga mpaka mapaja yakatetemeka, hasira ikawa inamsukuma, na ilipokwisha akabaki na uchovu mtupu. Alinunua mkate kwa kunyoosha kidole. Alilala kwenye chumba chenye kitanda kimoja na kigoda kimoja, akajikuta anakitazama kigoda kana kwamba mtu ameinuka hapo sasa hivi. Shimo lilipotokea barabarani alilikwepa kimya kimya.

Siku iliyofuata mke wa Dereva akampigia. Gundi alisimamisha baiskeli kando ya barabara.

"Shemeji, goti lake linaendeleaje? Anasema limevimba ndiyo maana mmesimama. Mnalikanda?"

Gundi alitazama lori likipita, akangoja kelele ziishe.

"Shemeji, mimi siko naye. Nimetangulia."

"Umemwacha ugenini na goti bovu? Wewe?"

"Hayuko peke yake. Mengine muulize mwenyewe, tafadhali."

Upande wa pili ikaja sauti ndogo: "Haya. Asante, shemeji." Simu ikakatwa. Gundi alikaa kwenye majani, kofia ya baiskeli ingali kichwani, mpaka jua likamhamisha.

Ziwani alifika asubuhi. Barabara iliishia kwenye ukuta mfupi wa saruji, na nyuma ya ukuta yakawa maji, mapana, yenye rangi ya mabati. Wanawake wawili walikuwa wanafua mazulia. Gundi aliegemeza baiskeli, akavua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alitarajia kitu fulani kimjie moyoni. Kilichomjia ni njaa. "Nimefika," alisema kwa sauti, kwa lugha yake. Mmoja wa wale wanawake aliinua uso akajibu kitu, akaendelea kusugua.

Alikula mkate akiwa ameketi juu ya ukuta. Alitaka kumwambia mtu, akapitisha majina yote kichwani, na ukweli ni kwamba lilikuwa jina moja. Akapiga. Dereva alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Uko wapi?"

"Nimefika."

"Likoje?"

"Kubwa. Maji baridi."

Dereva alivuta pumzi. "Gundi, sikukuchukua kuwa kisingizio tu."

"Najua. Lakini kisingizio pia nilikuwa."

"Ulikuwa."

Walikaa hivyo kwenye simu, hakuna anayekata.

Gundi alirudi kwa basi, baiskeli ikiwa juu ya paa. Dereva alimfuata baadaye, akamwambia mkewe yote bila kupunguza, na jioni hiyo hiyo akaonekana mlangoni kwa Gundi na begi mkononi.

"Nimefukuzwa," alisema.

"Ingia."

Akalala sebuleni kwenye godoro la wageni. Alikoroma kama lori linalopanda mlima. Alimaliza sukari, aliacha taulo lililolowa kitandani, aliamka asubuhi na kuanza kuongea kabla hajafungua macho. Alikonda, alilia mara moja akidhani Gundi yuko bafuni. Na Gundi, aliyekuwa anamhurumia kweli, akipika chai ya watu wawili alijikuta anapiga mluzi. Alijinyamazisha kwa aibu. Redio hakuiwasha wiki zote hizo.

Kisha shemeji akaja, Dereva akiwa ametoka. Aliketi ukingoni mwa kiti, chai akaikataa.

"Ulimwona huyo binti?"

"Nilimwona."

"Anafananaje?"

"Ana mwanya wa baba yake. Ni fundi cherehani. Ana heshima."

Shemeji aliitazama mikono yake. "Na wewe ulijua tangu mwanzo?"

"Sikujua, shemeji. Mimi nilidhani tunaenda ziwani."

Akacheka, cheko fupi lililomtoka bila kutaka. "Maskini wewe. Na mimi nilidhani hivyo hivyo." Kisha akajifuta macho na kusema, "Mwambie aje nyumbani. Sijamsamehe. Lakini watoto wanauliza, na mimi nimechoka kugombana na ukuta."

Dereva alikusanya vitu vyake chini ya saa moja. Mlangoni alimshika Gundi bega, akataka kusema jambo, kwa mara ya kwanza maneno yakamkimbia. Gundi alimsindikiza mpaka barabarani, akamwangalia akienda, begi likigonga goti.

Waligombana sana katika nyumba ile, Dereva na mkewe, baadaye wakapunguza. Mwaka uliofuata yule binti alikuja kutambulishwa. Gundi alialikwa, akakaa pembeni, akala. Siku hizi Dereva humtembelea mara moja moja, akipata ruhusa. Katikati ya ziara hizo Gundi hutoa baiskeli, akaenda mbali kuliko anavyohitaji, mpaka mahali asipojulikana na mtu, akanywa chai hapo, akarudi.